Moyo Wazi Hautafuti Mchawi

Msiba uingiapo nyumbani, machozi hayajakauka na tayari swali limekwisha kuulizwa: "Ni nani?" Watu hawaulizi "ni nini?", yaani ni ugonjwa gani uliomwondoa mtoto, au kwa nini hakufikishwa zahanati mapema. Wakaao matanga wanataka jina. Naye mpiga ramli, akisha kupokea ujira wake, hulitoa jina hilo bila taabu. Mara nyingi ni la mtu wa karibu: shangazi, mjane wa kaka, au bibi kizee akaaye peke yake pembeni mwa kijiji. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Walitaka kutuonya tuwe na hadhari. Mpiga ramli ameigeuza methali hiyo kuwa panga.

Wasomaji wapenzi, jambo hili si hadithi ya nchi za mbali. Taarifa ya Tume ya Mongella ya mwaka 1988 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na Usukuma ulibeba sehemu kubwa ya aibu hiyo. Hata Sungusungu, lililozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi ya Kahama na jirani zake kwa nia njema ya kuwazuia wezi wa ng'ombe, mahali pengine liliwageukia vikongwe.

Na alama ya uchawi ilikuwa nini? Macho mekundu! Mama aliyepika kwa miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha, akiwasha kuni, na kuni zilipoadimika akiwasha mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, macho yake yataachaje kuwa mekundu? Moshi uliowashibisha watoto wake ukawa ushahidi wa kumhukumu. Aliyekula ugali wake jana, leo anamwogopa.

Tena, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ubaya mwingine ulidhihirika katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, kwa kuwa waganga wa uongo waliwaambia watafutao utajiri, wakiwamo wachimbaji wa dhahabu na wavuvi, kwamba viungo hivyo huleta bahati. Ualbino ni upungufu wa rangi katika ngozi, nywele na macho, ambao mtoto huurithi kwa baba na mama pamoja. Hauna bahati ndani yake, wala laana. Lakini mtu ambaye shimo lake halijatoa kitu kwa miezi mingi husadiki upesi neno lo lote liahidilo dhahabu. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Amri hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, amri ya Serikali hufika mlangoni pa mganga, na haiwezi kuingia moyoni mwa mteja wake.

Basi, na tulitazame Injili. Katika sura ya tisa ya Mtakatifu Yohane tunasoma habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Mitume walipomwona, neno lao la kwanza lilikuwa lile lile la matangani kwetu: walitaka kujua mwenye kosa, kama ni yeye mwenyewe au wazazi wake. Bwana wetu Yesu Kristu alilikataa swali lenyewe. Hakuchagua mkosaji kati ya wale wawili, wala hakumtaja wa tatu. Aliinama, akafanya tope, akampaka yule mtu machoni, akamtuma kwenda kunawa. Hapo twaona tofauti ya mioyo miwili. Moyo uliofungwa hukutana na taabu ukatafuta wa kulaumiwa. Moyo ulio wazi hukutana na taabu ile ile ukatafuta la kutenda.

Habari ile ina fundisho la pili, nalo hutugusa zaidi. Wazazi wa kipofu walipoitwa kutoa ushuhuda, walijua ukweli kwamba huyo ni mtoto wao na kwamba alizaliwa hivyo. Lakini waliogopa kutengwa na sinagogi, wakamwachia ajitetee mwenyewe. Je, si hali yetu hiyo? Kijijini wapo wengi wajuao kabisa kwamba bibi fulani hana hatia. Wamelelewa mikononi mwake, wamechota maji kwake. Ila uvumi uanzapo kuzunguka, hunyamaza, kwa maana amteteaye mchawi naye huitwa mchawi. Wauaji huwa wachache. Wanyamazao ndio wengi, na usiku wa wauaji hufunikwa na ukimya wa majirani. Injili yasema kwamba yule mtu alipofukuzwa, Yesu alimtafuta mpaka akamwona. Huko ndiko kuwa na moyo wazi: kumwendea aliyetengwa na watu.

Nasi wa Ushirombo tuna sababu ya pekee ya kulielewa fundisho hili. Misheni yetu ilifunguliwa na Mapadre Weupe mwaka 1891, siku ambazo biashara ya watumwa na vita vilikuwa vimevunja koo na vijiji. Walipokelewa hapa watoto waliokombolewa utumwani, yatima, na watu waliokimbia makwao. Hao walikuwa watu wasio na ukoo wa kuwatetea wala mjomba wa kuwasemea; mtu angaliweza kuwashuku kwa lo lote. Badala ya kuulizwa walileta mkosi gani, walipewa chakula, wakafundishwa, wakabatizwa. Imani ya nchi hii ilianza kwa kumfungulia mlango mgeni asiyejulikana. Tutawezaje leo kumfungia mlango bibi ambaye tumemjua tangu tuzaliwe?

Pengine msomaji atauliza: "Je, moyo wazi ni kukubali kila ovu?" Hasha. Aliyeua kwa sumu au kwa panga ashtakiwe mbele ya hakimu, kwa ushahidi. Lakini ramli si ushahidi, na Kanisa katika Katekisimu yake ya mwaka 1992 limekataza ramli za kila namna. Mkristu aendaye kwa mpiga ramli Jumamosi na kukomunika Jumapili anajidanganya. Na akirudi na jina la jirani, ameivunja pia amri ya nane, na amefungua njia ya kuivunja amri ya tano.

Haifai, hata hivyo, kuwakemea tu wafiwa. Huzuni yao ni ya kweli, na mpiga ramli huwapata kwa sababu hutoa jibu upesi wakati sisi tumekwisha kurudi makwetu. Jumuiya ndogo ndogo isiishie kusali rozari ya matanga. Irudi juma la pili na la tatu. Ikae na mama aliyefiwa, isikilize hasira yake bila kuichochea. Ipeleke mapema zahanati watoto waliobaki. Tena, jina la mtu linapoanza kunong'onwa, viongozi wa jumuiya, pamoja na katekista, na waende mchana kweupe nyumbani kwa huyo anayeshukiwa, waketi barazani pake, wanywe maji yake, watu wote wakiona. Na palipo na tishio la kweli, taarifa ifike kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi siku hiyo hiyo, kabla jua halijachwa.

Kitendo hicho chaonekana kidogo, lakini uvumi hukua gizani, na barazani pakiwa na watu hauna mahali pa kukaa. Yupo mzee katika kila kitongoji ambaye siku hizi watu hupita mbali na uwanja wake. Msomaji, wewe wamjua wa kwenu. Jumapili hii, baada ya Misa, usipite mbali. Piga hodi.