SOMO: KASORO SI DHAMBI, WALA DHAMBI SI KASORO



Somo letu ni juu ya neno dogo tunalolitumia kila siku, neno KASORO. Ugomvi mwingi kati ya majirani na hata kati ya mume na mke unatokana na kulitumia vibaya. Mmoja anasema, "Yule ni mwenye dhambi," kumbe ni kasoro tu. Mwingine anasema, "Ni kasoro yake tu," kumbe ni dhambi.

Tusome kwanza: Mathayo 7:1-5, Wagalatia 6:1-2, Wakolosai 3:12-14.

1. MAANA YA NENO

Kasoro ni upungufu. Tunalisikia vizuri katika saa. Tukitangaza kwamba ibada itaanza saa tatu kasorobo, maana yake ni saa tatu iliyopungua robo. Hakuna anayesema saa hiyo imeharibika. Imebaki kidogo itimie. Ndivyo na mtu mwenye kasoro: ni mtu mzima, ila kuna kidogo kilichopungua.

Neno hili lina ndugu zake. Tukisema mtu "ana walakini", ni kama tumemsifu kwanza, kisha tukaongeza "lakini". Lipo pia neno ila, lenye maana ya kasoro au doa. Biblia yetu ya Kiswahili inalitumia kwa mwana-kondoo wa Pasaka (Kutoka 12:5), na Petro analitumia kwa Kristo mwenyewe (1 Petro 1:19). Basi asiye na ila ni Mmoja. Sisi wengine wote tunazo. Wazee nao walisema: kizuri hakikosi ila.

2. KASORO ZETU ZA KILA SIKU

Huyu anaongea sana bombani. Yule akiazima sufuria anasahau kuirudisha. Mwingine akiamka asubuhi hasalimii mpaka jua lipande. Babu anarudia habari ile ile ya Moba kila jioni. Hizi ni kasoro.

Martha alikuwa na kasoro ya namna hii. Alihangaika na kazi za jikoni hadi akamlalamikia Bwana juu ya dada yake (Luka 10:38-42). Yesu alimrekebisha kwa upole, wala hakumfukuza. Na Yohana anatuambia kwamba Yesu alimpenda Martha (Yohana 11:5).

Fikirini chisense tunaowanunua Kabuta. Wameanikwa mchangani, kwa hiyo mchanga haukosi. Mama hatupi chisense kwa sababu ya mchanga. Anawapepeta, anawaosha, anapika. Lakini samaki aliyeoza hamtii chunguni, hata akiambiwa ni mchanga tu.

3. MAKOSA MATATU YA KUEPUKA

(a) Kuikuza kasoro. Hapa tunaona kibanzi katika jicho la ndugu na kusahau boriti yetu. Wengi wetu tumeacha nyumba, mashamba na jamaa zetu ng'ambo ya ziwa. Jirani wa hapa ndiye ndugu tuliyebaki naye. Tukimkataa kwa ajili ya sufuria, siku ya ugonjwa tutamwita nani?

(b) Kuifunika dhambi kwa jina la kasoro. Mume anampiga mkewe, na watu wanasema, "Ni hasira zake tu." Mtu anauza chakula cha watoto ili anywe pombe, tunasema, "Ni udhaifu wake." Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumuua Uria, nabii Nathani hakumwambia kwamba ana udhaifu kidogo. Alimwonyesha dhambi yake waziwazi, na Daudi akatubu (2 Samweli 11-12).

(c) Kuifanya kasoro ya mtu mmoja kuwa jina la kabila. "Wao ndivyo walivyo." Maneno kama hayo tuliyasikia nyumbani. Katika Tanganyika, mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliyowaka tena mwaka 2016 yalikuwa na sababu nyingi, na kudharauliana kulikuwa mojawapo. Tusiivushe mbegu hiyo ziwa na kuipanda huku.

4. TUTAPIMAJE?

Tujiulize: Je, jambo hili linamuumiza mtu? Je, linavunja amri ya Mungu? Kama majibu ni hapana, ni kasoro. Tuchukuliane, tuambiane kwa upole, na tukiweza tucheke pamoja.

Kama jibu ni ndiyo, tusiliite kasoro. Tufuate njia ya Mathayo 18:15-17: kwanza wawili peke yao, halafu mashahidi, halafu kanisa. Lakini mtu akipigwa, au mtoto akitendewa ubaya, tusimtume aliyeumizwa kwenda peke yake kwa aliyemuumiza. Tumlinde kwanza, tumpeleke hospitali, na habari ifike polisi. Kusamehe hakumaanishi kuficha.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kila mmoja ataje kasoro yake mwenyewe, si ya mwenzake. Baba aanze.
2. Je, kuna jirani tuliyeacha kumsalimu kwa ajili ya jambo dogo? Tutamwendea lini?
3. Je, kuna jambo zito nyumbani mwetu tunaloliita dogo?

TUOMBE

Ee Bwana, wewe peke yako huna ila. Tupe macho ya kuona boriti zetu, moyo wa kuvumilia kasoro za wenzetu, na ujasiri wa kuiita dhambi kwa jina lake. Amina.