KUCHAGUA KINASA CHA GITAA KAVU KWA BENDI YENYE SAUTI KUBWA



Siku ya Wazazi ya mwaka jana wengi wenu mlisikia yowe lililotoka katika spika zetu wakati bendi ya shule ilipoanza wimbo wa pili. Wote mlioziba masikio nawaomba radhi, kwa kuwa gitaa lililopiga yowe lile nilikuwa nimelishika mimi. Mama yangu alikuwa amesafiri kwa basi tangu alfajiri ili anisikie nikipiga gitaa la marehemu babu yangu, ambalo babu mwenyewe alizoea kuliita galatoni. Hakusikia hata noti moja. Nililizima gitaa, nikasimama jukwaani kama mlingoti mpaka wimbo ukaisha.

Tangu siku ile nimetafuta sababu, kwa msaada wa mwalimu wetu wa fizikia na kwa majaribio tuliyoyafanya wenyewe. Nimeona yafaa niandike niliyojifunza, ili wenzangu watakaobaki katika bendi wasiaibike kama nilivyoaibika mimi.

Gitaa kavu lina sanduku la mbao lililo tupu ndani. Likipigwa peke yake bwenini, sauti yake yatosha. Likipigwa pamoja na dramu, besi na kinanda, humezwa lisisikike. Basi hapana budi kulitia chombo kidogo cha kugeuza mtikisiko kuwa umeme, na umeme huo ukapelekwa katika amplifaya na spika. Wanamuziki hukiita chombo hicho pikapu. Lakini kwa kuwa hapa kwetu pikapu ni gari la kubebea mizigo, mimi nitakiita kinasa.

Sasa, yowe latoka wapi? Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Sanduku la gitaa nalo ni debe tupu. Sauti ya spika hulipiga sanduku, sanduku likatikisika, kinasa kikaunasa mtikisiko huo na kuupeleka tena katika spika, nayo ikautoa kwa nguvu zaidi ya kwanza. Huzunguka hivyo mara nyingi kwa muda mfupi sana, mpaka yowe likatokea lenyewe, hata kama mpigaji hajagusa uzi.

Tena kila sanduku lina sauti linayoipenda. Hewa iliyomo ndani ya gitaa kubwa la kawaida hupenda mitikisiko 100 hivi kwa sekunde, na uzi wa tano ukipigwa wazi hutoa 110. Jaribu mwenyewe: weka mdomo karibu na tundu la gitaa, uvumishe sauti nzito, uipandishe polepole. Utafika mahali ambapo mgongo wa gitaa utatetemeka mikononi mwako. Hiyo ndiyo sauti itakayokutia aibu jukwaani.

Vinasa viko vya namna nyingi, lakini nitavitaja vinne vilivyo vya kawaida.

Kwanza, maikrofoni ndogo inayowekwa ndani ya sanduku. Hii husikia hewa, na sauti yake hufanana sana na ya gitaa lenyewe. Lakini katika bendi yenye kelele husikia pia dramu, spika na kila kilicho karibu. Hii hufaa zaidi kwa mtu apigaye peke yake mahali penye utulivu.

Pili, kinasa cha kubandika juu ya ubao. Hiki husikia mtikisiko wa mbao. Ndicho tulichokitumia mwaka jana. Tulikijaribu chumbani jioni, tukiwa watatu tu, sote tukasema sauti ni tamu. Kosa letu lilikuwa hapo. Ubao wa gitaa ni mwembamba, hutikiswa na nyuzi na hutikiswa vilevile na spika, nacho kinasa hakiwezi kutofautisha.

Tatu, kinasa cha chini ya mfupa wa daraja, pale nyuzi zinapokalia. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka wa 1880 kwamba fuwele za namna fulani zikibanwa hutoa umeme. Kinasa hiki hufanya kazi kwa njia hiyo, kwa kubanwa na nyuzi. Huvumilia kelele kuliko vile viwili vya kwanza. Lakini umeme wake hautoki kwa urahisi, hivyo hutaka amplifaya ndogo ya kutangulia, yenye ukinzani wa ohm milioni moja au zaidi mlangoni. Bila hiyo sauti huwa nyembamba na kali. Mara nyingi amplifaya hiyo hutumia betri ya volti 9, nayo betri ikiisha katikati ya wimbo, umekwisha nawe. Tena kukifunga chahitaji gitaa litobolewe.

Nne, kinasa cha sumaku, kinachobanwa katika tundu la sauti. Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Sisi wa Kidato cha Nne twajua habari hii katika somo la usumaku-umeme: mwaka wa 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba nguvu za sumaku zikibadilika karibu na waya uliozungushwa, umeme hutokea. Hapa kinachocheza ni uzi wa chuma mbele ya sumaku. Kwa hiyo kinasa hiki husikiliza hasa uzi, wala hakishughuliki sana na hewa wala ubao. Kwa sababu hiyo huchelewa kupiga yowe. Vingi havihitaji betri. Kasoro yake ni kwamba sauti yake huelekea kidogo ile ya gitaa la umeme.

Jambo moja msilisahau. Sumaku haijui nyuzi za nailoni. Mwalimu alitupa sumaku ya maabara tukaisogeza karibu na magitaa mawili. Nyuzi za chuma za gitaa la babu zilivutwa, lakini zile za nailoni za gitaa la rafiki yangu hazikujali kabisa. Mwenye gitaa la nailoni na achague kinasa cha chini ya mfupa, kisha azibe tundu la sauti anapopiga na bendi. Sisi tulikata duara la sponji kutoka godoro bovu, likatosha, na ule uvumi mzito ukapungua.

Basi tulipopewa na chama cha muziki fedha za kununua kinasa kimoja tu, palizuka mabishano. Baadhi walitaka kile cha chini ya mfupa, wakasema gitaa la babu litobolewe. Nilimwuliza mama kwa simu ya matroni. Akanijibu, "Mwanangu, gitaa la baba yangu halitobolewi." Wengine walinicheka, lakini nilipofikiri niliona ametuonyesha njia. Gitaa ni la nyumbani kwetu, na fedha ni za shule. Mimi nitaondoka baada ya mtihani wa Novemba. Kinasa kilichofungwa ndani ya gitaa langu kingeondoka nami, na wadogo zangu wangebaki mikono mitupu. Tukanunua cha sumaku.

Lakini kinasa peke yake si dawa. Tulijifunza na mambo haya. Spika kubwa ziwe mbele ya wapigaji, zikielekea wasikilizaji. Mpigaji asisimame ameielekeza gitaa kwenye spika. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali wako na spika mara mbili, nguvu ya sauti yake hupungua kwa desibeli 6 hivi, bila gharama yoyote. Sauti nzito za gitaa zipunguzwe kwenye mikisa, maana kazi hiyo ni ya besi na dramu. Mwisho, mpiga dramu aombwe kwa adabu apige taratibu. Wetu alikubali baada ya kuombwa mara tatu.

Tena safari hii hatukukijaribu kinasa chumbani. Tulikipeleka ukumbini, bendi nzima ikapiga kwa nguvu zake zote, na mwalimu akasimama mlango wa nyuma kusikiliza. Peke yake gitaa halikuwa tamu kama mwaka jana. Ndani ya bendi lilisikika kila noti.

Wahenga husema mchagua jembe si mkulima. Sikatai. Lakini hata mkulima hodari hulijaribu jembe shambani, halijaribu sebuleni. Vivyo hivyo kinasa kichaguliwe pale kitakapofanyia kazi, katikati ya kelele.

Katika Siku ya Wazazi ya mwaka huu mama alikuja tena, akakaa safu ya tatu. Tulipomaliza hakusema mengi. Alilichukua gitaa, akaligeuza, akapapasa mbao pande zote kutafuta tundu jipya. Hakuliona. Ndipo akaniambia, "Leo nimemsikia baba."

Kinasa kimo katika kabati la chama cha muziki, ndani ya soksi safi. Atakayekitumia baada yangu akumbuke kupima nyuzi zake kwa sumaku kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne