Kuhamisha Mfumo wa Mafaili: Somo la Kabati Mbili

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aliulizwa na mtoto wa Darasa la Saba: "Mwalimu, mbona programu ya kompyuta hii tukiinakili katika ile haifanyi kazi?" Akajibu, "Kwa kuwa hazipatani," kisha akaugeukia ubao. Jibu hilo si la uongo, lakini halikumfundisha mtoto kitu. Katika makala haya twaonyesha namna ya kulijibu swali hilo kwa vitendo. Tumechagua kwa makusudi mfano mgumu: GlusterFS, mfumo wa mafaili uliosambazwa, na jinsi ulivyohamishwa kutoka Linux kwenda NetBSD. Linux na NetBSD ni mifumo huria ya uendeshaji. Kila mtu aweza kuusoma msimbo wake na kuubadili.

Kwanza mwalimu mwenyewe aelewe. Mfumo wa namna hii huunganisha diski za kompyuta nyingi zikaonekana kama ghala moja. GlusterFS hauna daftari kuu la kuonyesha faili liko wapi. Hupiga hesabu kwa jina la faili, na jibu lake ndilo huonyesha mahali. Faili laweza pia kutunzwa katika kompyuta mbili au zaidi. Moja ikizimika, iliyobaki huendelea kupokea mabadiliko, na huweka alama kwamba mwenzake amepitwa. Alama hiyo haiandikwi ndani ya faili, bali pembeni yake, katika kile kiitwacho sifa za ziada.

Sasa tuingie darasani. Zana ni kabati mbili, madaftari mawili ya michango ya darasa yaliyo sawa kabisa, penseli na vipande vya karatasi. Fungeni kabati ya pili. Mtoto mmoja afute jumla ya shilingi 4,200 katika daftari la kwanza, aandike 4,700, kisha abandike karatasi: "Mwenzangu hajapata badiliko hili." Fungueni kabati ya pili na kuuliza ni daftari lipi la kufuatwa. Wote watajua.

Rudieni zoezi, ila safari hii mtunza kabati ana sheria yake: karatasi yoyote iliyobandikwa hutupwa. Madaftari yote mawili yatabaki mazima, wala hakuna ukurasa uliochanika, lakini hakuna ajuaye fedha ni kiasi gani. Waacheni watoto wabishane. Sisi tulipojaribu, kipindi kizima kiliishia hapa, na hatukujuta.

Hatari hiyo ndiyo iliyowakabili wahamishaji. NetBSD ulikuwa na msimbo wa sifa za ziada, uliorithiwa kutoka FreeBSD, lakini haukuwa umekamilika. Ilibidi utengenezwe. Tena, njia ya kuziomba sifa hizo haikuwa ile ya Linux, hivyo njia ya namna ya Linux ikaongezwa.

Kikwazo cha pili kilikuwa mlango. Linux, tangu toleo 2.6.14 la mwaka 2005, una mlango uitwao FUSE, ambao kwa huo programu iliyo nje ya kiini cha mfumo huweza kutoa huduma ya mafaili. NetBSD ulikuwa na mlango wake, puffs, pamoja na maktaba ya kuzisaidia programu za FUSE. Bahati mbaya GlusterFS haukupitia maktaba; ulizungumza na mlango moja kwa moja. Basi akawekwa mkalimani kati yao, aitwaye perfuse, aliyetoka na NetBSD 6.0 mwaka 2012.

Mwanachuo aangalie jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka. Katika vikwazo hivi viwili, aliyefanyiwa kazi kubwa ni mwenyeji, si mgeni. Watu husema "kuhamisha programu" kana kwamba programu pekee ndiyo hubadilika. Hapa nyumba nayo ilijengwa upya, na hilo liliwezekana kwa kuwa msimbo wa nyumba ulikuwa wazi.

Kwa kipindi cha pili, leteni kabati ya tatu ambayo sheria ya mtunzaji wake haiwezi kubadilishwa. Watoto watafute njia. Aghalabu husema kwanza kwamba alama ziandikwe katika daftari la pembeni. Likubalini, lijaribuni mbele yao, kisha liondoeni daftari hilo kimya kimya kabla ya kabati kufunguliwa.