SOMO LA MWEZI HUU: MTOTO AKIACHA DAFTARI AKASHIKA KARAI



Huku Ikolomani akina mama hutuuliza swali hili kila mara: mtoto akirudi jioni na shilingi mia mbili kutoka machimbo ya dhahabu, na nyumbani hakuna unga, kweli tumgombeze? Ni swali la haki. Hatuwezi kulijibu kwa kusema tu ati sheria imekataza.

Kwanza tuelewane. Mtoto kuteka maji, au kupalilia mahindi na wazazi wake Jumamosi, hiyo si ajira. Sisi sote tulilelewa hivyo. Ajira mbaya ni ile inayomnyima mtoto shule au kumharibu mwili na roho: kupakia miwa siku ya masomo, kuponda mawe ya dhahabu, msichana wa miaka 12 kupelekwa Nairobi kuwa yaya. (Hili la yaya tunalificha sana, maana anayemchukua mara nyingi ni jamaa yetu.)

Machimbo haya ni ya zamani. Dhahabu iliwaleta Wazungu Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mgodi wa Rosterman ukafungwa mwaka wa 1952. Kampuni ilienda, mashimo yakabaki, na wananchi wanachimba kwa sururu na karai. Mvua ikinyesha shimo huporomoka. Tena kuna zebaki, ile dawa inayong'aa kama fedha na kushikanisha chembe za dhahabu. Ikichomwa hutoa mvuke usioonekana, unaoingia mapafuni na kuharibu ubongo na figo. Mtoto huumia kuliko mtu mzima kwa sababu mwili wake bado unakua, na mtoto aliye tumboni vilevile. Tafadhali, zebaki isichomwe jikoni, hata ikiwa kidogo namna gani.

Serikali nayo haikulala. Mwaka wa 1992 Kenya ilikuwa kati ya nchi sita za kwanza kuingia mpango wa Shirika la Kazi Duniani wa kumaliza ajira ya watoto. Vyama vya wafanyakazi, makanisa na mashirika kama ANPPCAN yakashika kazi pia. Mwaka wa 2003 karo ya shule za msingi ikafutwa, na kwa maoni yetu hatua hiyo ilifanya mengi kuliko semina zote za hotelini. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtoto chini ya miaka 13 asiajiriwe kabisa. Wa 13 hadi 16 apewe kazi nyepesi tu, isiyomzuia kusoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ile Sheria ya Watoto ya 2001 nayo iliandikwa upya mwaka wa 2022.

Sasa, afisa wa watoto atajuaje nani hakwenda shule Jumanne? Jirani ndiye anajua. Liguru anajua. Na sote tunajua kwamba hiyo shule ya bure inataka sare, madaftari na chakula cha mchana. Hapo ndipo yule mtoto hushika karai.

Kikundi cha watu 15, kila mmoja akiongeza shilingi 20 kwa wiki juu ya merigoraundi, hupata 300. Kwa wiki 13 ni 3,900. Haziondoi umaskini, lakini zinaweza kurudisha mtoto mmoja au wawili darasani. Mama apewe msaada kimyakimya, asiaibishwe mbele ya kikao. Mahali mtoto anapigwa, au amefungiwa kazini, msingoje kikao: pigeni simu 116, ni bure, au mwendeeni chifu siku hiyo hiyo.

Ya kujadili: Siku ya soko iliyopita, ni watoto wangapi wa kijiji chetu hawakuwa shuleni? Broka gani hununua dhahabu yao, na nani kati yetu atamwendea kuzungumza naye? Katibu aandike majibu kwenye daftari la kikundi, tutayapitia pamoja tukija kuwatembelea.