Bunduki za Raia na Uhalifu wa Kutumia Nguvu: Maswali na Majibu

Je, nchi yenye bunduki nyingi huwa na wahalifu wengi?

Si lazima. Nchi inayotajwa kwanza kila mjadala huu unapozuka ni Marekani. Watafiti wa Small Arms Survey ya Geneva walikadiria kwamba mwaka 2017 raia duniani kote walikuwa na bunduki milioni 857, na milioni 393 kati ya hizo zilikuwa Marekani. Ni sawa na bunduki 120 kwa kila watu 100, watoto wachanga wakiwemo kwenye hesabu. Hata hivyo, wizi wa kawaida nchini humo haujawahi kuuzidi ule wa Ulaya kwa kiasi kinacholingana na wingi huo wa silaha.

Wasomi wa sheria Franklin Zimring na Gordon Hawkins waliilinganisha New York na London ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, miji iliyokaribiana kwa idadi ya watu. London ndiyo iliyokuwa na wizi mwingi zaidi na nyumba nyingi zaidi zilizovunjwa. Lakini mwaka 1992 waliouawa katika matukio ya unyang'anyi na uvunjaji wa nyumba walikuwa 7 London na 378 New York. Ni kweli kwamba unyang'anyi wa ana kwa ana ulikuwa mwingi zaidi New York, ila haukuwa mwingi kiasi cha kueleza pengo hilo. Wezi walikuwepo kotekote. Kilichotofautiana ni kile mwizi alichokishika mkononi mwenye mali alipopiga kelele au alipokataa kutoa.

Basi bunduki hubadilisha nini hasa?

Hubadilisha mwisho wa ugomvi. Hapa ndipo penye kiini cha suala lote, na ndipo ushahidi ulipo imara zaidi.

Katika miaka ya 1960 Zimring alichambua kumbukumbu za polisi wa Chicago kuhusu watu walioshambuliwa kwa visu na walioshambuliwa kwa risasi. Washambuliaji walifanana: mitaa ile ile, ulevi ule ule, ugomvi wa wapenzi, wa majirani na wa wadeni. Hata hivyo, aliyepigwa risasi alikuwa katika hatari ya kufa takriban mara 5 zaidi ya aliyechomwa kisu. Tena, wengi wa waliokufa kwa risasi walikuwa na jeraha moja tu. Mshambuliaji hakusimama juu ya mtu wake akaendelea kufyatua hadi ahakikishe amekufa. Alifyatua mara moja kwa hasira, na ikatosha. Angekuwa na kisu, huenda mtu yule yule angelala hospitali wiki mbili, akashonwa, akarudi nyumbani.

Miaka 50 baadaye Anthony Braga na Philip Cook walipima jambo hilo kwa njia nyingine huko Boston. Waliwalinganisha waliopigwa kwa risasi nyembamba na waliopigwa kwa risasi nene. Idadi ya majeraha na sehemu za mwili zilizopigwa hazikutofautiana sana, lakini waliopigwa kwa risasi nene walikufa kwa wingi zaidi. Nia ilikuwa moja. Chombo ndicho kilichotofautiana.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuliona hili kwa gobore. Bunduki hii ya kienyeji hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu, na ikishalia mara moja, mwenyewe huanza upya: baruti, kushindilia, kuwasha. Katika muda huo anayelengwa hupata nafasi ya kukimbia. AK-47 hubeba risasi 30 katika kasha moja. Kuzihesabu zote mbili kama “bunduki moja” kwenye takwimu huficha jambo kubwa.

Je, pasipo na bunduki watu hawauani?

Huuana. Mwaka 1994 nchini Rwanda, mapanga na marungu yalitumika kuwaua watu wengi mno, sambamba na bunduki na magruneti. Lakini mauaji yale yalihitaji maelfu ya watu waliohamasishwa, vizuizi barabarani, orodha za majina na viongozi wa kuamuru. Mauaji ya kila siku mjini hayana maandalizi ya namna hiyo. Huzaliwa na kuisha ndani ya dakika chache, na katika dakika hizo chombo kilicho karibu na mkono ndicho huamua mambo.

Mwenye bastola nyumbani yuko salama zaidi?

Wengi wanaonunua bastola huamini hivyo, na hofu yao ni ya kweli: mlango uliovunjwa usiku, watoto ndani, polisi mbali. Hofu hiyo haifai kubezwa. Matokeo ya utafiti, hata hivyo, yanakwenda kinyume. Timu ya David Studdert ya Chuo Kikuu cha Stanford iliwafuatilia watu wazima milioni 17.6 wa California kati ya 2004 na 2016, wote wakiwa hawana bastola wao wenyewe. Walioishi na mtu mwenye bastola waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale wasioishi na mwenye bastola. Hatari ya kupigwa risasi na kufa nyumbani, mpigaji akiwa mume, mke au mpenzi, ilikuwa kubwa mara 7, na waathirika walikuwa wanawake kwa sehemu kubwa sana. Adui aliyeogopwa alitarajiwa kuruka ukuta. Aliyeua alikuwa na ufunguo wa mlango.

Kuna pia vifo visivyohesabiwa kama uhalifu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua. Mjadala unaotazama majambazi pekee huwaacha hawa nje.

Vipi kuhusu hoja ya “bunduki nyingi, uhalifu mdogo”?

Hoja hiyo ilipata nguvu kupitia kitabu cha mchumi John Lott cha mwaka 1998. Alidai kwamba majimbo ya Marekani yaliyoruhusu raia kutembea na bastola zilizofichwa yalipunguza uhalifu, kwa sababu mhalifu hakujua tena nani ana silaha. Mantiki yake inaeleweka. Mwaka 2004 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilizipitia takwimu na kukuta kwamba hazithibitishi kupungua wala kuongezeka kwa uhalifu. Mwaka 2019 John Donohue na wenzake, wakiwa na miaka mingi zaidi ya takwimu na mbinu bora, walikadiria kwamba baada ya miaka 10 ya sheria hizo uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa bila sheria hizo. Njia moja inayofikiriwa ni wizi wa silaha zenyewe: bastola iliyoachwa ndani ya gari huishia mikononi mwa mwizi. Kwa sasa uzito wa ushahidi umeelemea upande wa Donohue.

Mbona uhalifu ulishuka Marekani huku bunduki zikiongezeka?

Mwaka 1991 mauaji yalikuwa 9.8 kwa kila wakazi 100,000. Mwaka 2014 yalikuwa 4.4. Bunduki nazo ziliendelea kuuzwa. Lakini silaha nyingi mpya ziliangukia kwa watu waliokuwa nazo tayari, na bunduki ya kumi kabatini mwa mwindaji wa mashambani haiongezi hatari kama bastola ya kwanza mfukoni mwa kijana wa mtaani. Isitoshe, wimbi la biashara ya kokeini lilipungua, na polisi na magereza yalibadilika. Bunduki ni sababu moja kati ya nyingi, na takwimu ya nchi nzima huzichanganya zote.

Uswisi ina silaha nyingi na amani. Kwa nini?

Ina takriban bunduki 28 kwa kila watu 100, nyingi zikitokana na utamaduni wa jeshi la raia, na mauaji yake ni miongoni mwa machache zaidi duniani. Ni nchi tajiri, kununua bastola kunahitaji kibali, na kutembea nayo barabarani kunahitaji kibali kingine ambacho hutolewa kwa nadra.

Sheria inaweza kubadilisha hali?

Australia ndiyo mfano unaorudiwa zaidi. Tarehe 28 Aprili 1996 mtu mmoja aliwaua watu 35 huko Port Arthur, Tasmania. Ndani ya wiki mbili serikali ya John Howard na majimbo yote walikubaliana kupiga marufuku bunduki nyingi za kujipakia zenyewe, kudai sababu halali ya umiliki na kununua silaha kutoka kwa wenyewe. Bunduki takriban 650,000 zilikusanywa. Vifo vya risasi vilipungua, hasa vya kujiua. Haki inadai isemwe kwamba vilikuwa vimeanza kushuka kabla ya 1996, na ndiyo maana wataalamu bado wanabishana sehemu ipi ya mafanikio ni ya sheria.

Ndani ya Marekani, Missouri ilifuta mwaka 2007 sharti la kupata kibali kabla ya kununua bastola, na mauaji ya risasi jimboni yakapanda. Connecticut iliweka sharti kama hilo mwaka 1995, na yakashuka kuliko ilivyotarajiwa. Kibali humtazama mnunuzi kabla ya silaha kufika mkononi mwake.

Hali ikoje Afrika Mashariki?

Bunduki za raia zenye leseni ni chache, na sheria ni kali. Tatizo kubwa ni silaha zisizo na karatasi. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, wafugaji wa Karamoja nchini Uganda walivamia ghala la silaha la kambi ya Moroto lililoachwa bila walinzi na kujichukulia bunduki. Wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki, ukisimamiwa na wazee, ukawa vita vya risasi vya vijana, kutoka Karamoja hadi Pokot na Turkana upande wa Kenya.

Uganda ilianza kuwapokonya wafugaji wa Karamoja silaha mwaka 2001, kisha kwa nguvu zaidi kuanzia 2006. Jamii iliyosalimisha bunduki ilijikuta ikivamiwa na jirani ambaye bado alikuwa nazo, hivyo wengine wakatafuta nyingine ili kulinda ng'ombe wao. Uvamizi uliporudi tena, jeshi lilianzisha operesheni ya Usalama Kwa Wote mwezi Julai 2021. Mpaka wa Kenya na Uganda hauzuii mifugo wala bunduki, kwa hiyo Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama zioanishe sheria zao na kuipiga chapa kila silaha. Bunduki yenye namba ikikamatwa Turkana inaweza kufuatiliwa hadi kwenye ghala ilikotoka.