Nyumba ya Uzeeni Huchaguliwa na Wawili

Watumishi wengi wa Serikali hustaafu watimizapo miaka 60. Hapo huzuka swali: tutakaa wapi siku zilizosalia? Waume wengi hulijibu peke yao, na mke huarifiwa siku ya kufunga mizigo. Si haki.

Tuchukue mfano. Mume ni mtu wa Kilolo, mkoani Iringa. Mke ni mtu wa Rungwe, mkoani Mbeya. Nao wamekaa Mbeya mjini miaka 30. Mume atamani kurudi kwa baba zake. Kabla ya kuhama, yawapasa kujiuliza mambo matatu.

La kwanza ni mwili. Miji ya Iringa na Mbeya yote miwili yapita meta 1,500 juu ya bahari, na baridi ya Juni na Julai huwatesa wenye maumivu ya viungo. Je, mwenye miaka 75 ataweza kupanda kilima akitoka kisimani? Mbeya mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Huko kijijini tiba i umbali gani wakati wa masika?

La pili ni watu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yaiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza, na makao ya wazee kuwa kimbilio la mwisho. Basi chagueni mahali ambapo kila asubuhi yuko mtu wa kubisha hodi.

La tatu ndilo zito: mmoja atatangulia kufa. Mjane aliyejenga kwa jasho lake katika kiwanja cha ukoo wa mumewe mara nyingi huambiwa, “Rudi kwenu.” Sheria ya Ndoa ya 1971 yakataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake, lakini katazo hilo ni la wakati ndoa ingali hai. Kwa hiyo andikeni wosia, na hati iwe na majina yenu wawili. Hata hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, yaweza kuandikwa hivyo.

Ukoo ukikataa jina la mke, afadhali kiwanja kidogo cha kununua kuliko shamba kubwa la mashaka. Semezaneni mkiwa na miaka 50, nguvu zingalipo. Nyumba njema ya uzeeni ni ile ambayo yeyote atakayebaki ataishi ndani yake kwa amani.