Dondoo muhimu: Kabla hujamwandikisha mtoto karate Murongo

Mwalimu anayeanza kwa kutaja bei ya mikanda, mwache. Miyagi Chojun, mwasisi wa mtindo wa karate uitwao Goju-ryu, alifariki mwaka 1953 bila kumvisha mwanafunzi yeyote mkanda mweusi. Ndiyo Goju-ryu hiyo hiyo ambayo Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, aliifundisha Dar es Salaam miaka ya 1970 pale Zanaki Dojo.

Muulize mwalimu alifundishwa na nani, na huyo naye na nani. Anayejua hujibu bila kununa.

Miezi ya mwanzo ni kusimama na kupumua, yaani kata (mfuatano wa mienendo ya karate) iitwayo Sanchin. Mtoto atalalamika kwamba harushi mateke, mwache alalamike.

Ukumbi si lazima. Uwanja wa shule unatosha, ila okoteni mawe kwanza. Kaa utazame: wadogo wapambane na wadogo wenzao, wasipigwe kichwani. Akiumia mmoja, mwalimu asimamishe mazoezi mwenyewe, asingoje mzazi apige kelele.

Mkipata wenzenu wa Kikagati, ng'ambo ya Mto Kagera, jipimeni nao. Hati za kuvukia mpaka zitafuteni mapema.